Kabla ya Rashid Khan walikuwepo wakubwa zake wa kambini



Mara hii tunaandika juu ya kriketi. Tunajua kuna watakaosema: sisi watu wa mpira wa miguu, na kriketi wapi na wapi? Subirini kidogo. Hii ni habari ya wakimbizi, na kuna mahali inapitia Dar es Salaam.

Rashid Khan alizaliwa Septemba 1998 mkoani Nangarhar, mashariki mwa Afghanistan. Akiwa bado mtoto, vita viliifukuza familia yake mpaka Pakistan, nchi jirani. Wakakaa huko miaka kadhaa kabla ya kurudi. Kriketi aliicheza na kaka zake, kama sisi tulivyojifunza mpira kwa kaka zetu.

Tarehe 18 Oktoba 2015, akiwa na miaka 17 tu, alianza kucheza mechi za timu ya taifa, kule Bulawayo, Zimbabwe. Kazi yake kubwa ni kurusha mpira. Wengine hutegemea nguvu na kasi. Yeye anauzungusha mkononi, ukidunda chini unageuka. Na mpigaji hajui utageukia upande gani, mpaka anasikia vijiti vyake vimeanguka nyuma yake.

Februari 2017, kwenye mnada wa ligi ya India, timu ya Sunrisers Hyderabad ilimchukua kwa rupia milioni 40. Alikuwa na miaka 18. Msimu ule aliwatoa wapigaji 17 katika mechi 14. Juni mwaka uleule, kule St Lucia, aliwatoa wapigaji 7 wa West Indies kwa mbio 18 tu.

Wengi wakisimulia habari yake huishia hapo: mtoto wa vita, kipaji, pesa, makofi. Hata sisi tumeshaulizwa na wageni wanaotembelea kambi, eti nani kati yetu "amefanikiwa", wampige picha. Hatuna ubaya nao. Ila swali hilo linaruka sehemu kubwa ya historia.

Turudi nyuma basi. Afghanistan ya zamani haikuwa nchi ya kriketi. Vita vilipoanza mwaka 1979, mamilioni walikimbilia Pakistan, na huko watoto wakakuta kila uchochoro unacheza mchezo huo. Karibu na Peshawar kulikuwa na kambi inayoitwa Kacha Garhi. Hapo kijana Taj Malik na ndugu zake walianza kukusanya wenzao na kutengeneza timu. Mwaka 2001 Afghanistan ikapokelewa katika chama cha kriketi cha dunia, kwenye ngazi ya chini kabisa.

Mwaka 2008 ndipo safari ilipoanza kuonekana. Mwezi wa tano, Taj Malik akiwa kocha, walishinda mashindano ya daraja la tano huko Jersey, kisiwa kidogo karibu na Ufaransa. Oktoba wakaja Dar es Salaam kwa daraja la nne, wakashinda tena. Januari 2009 wakashinda daraja la tatu kule Buenos Aires. Oktoba 2013, huko Sharjah, waliifunga Kenya na kupata nafasi ya Kombe la Dunia la 2015.

Sasa hesabuni. Timu ile ilipokuwa Dar, Rashid alikuwa na miaka 10. Na Taj Malik? Baada ya Jersey ukocha ulipewa mtu mwingine. Aliyeanzisha timu hakuwa kocha tena ilipofika mbali. Kambi ya Kacha Garhi yenyewe ilifungwa mwaka 2007. Lakini mchezo ulikuwa umeshavuka mpaka.

Kuna jambo moja dogo tunalipenda sana. Siku ileile ya mnada wa 2017, timu ileile ya Hyderabad ilimchukua pia Mohammad Nabi. Nabi alikulia Peshawar ukimbizini, akacheza mechi ya kwanza kabisa ya taifa lake ya ngazi ya siku moja, mwaka 2009. Kwa hiyo Rashid hakuingia ugenini peke yake. Aliingia na kaka mkubwa aliyeijua njia.

Machi 2018, Zimbabwe, nahodha aliugua, Rashid akapewa timu akiwa na miaka 19. Walipoteza mechi tatu za mwanzo. Wengine tungekata tamaa. Wao walifika fainali na kuifunga West Indies, na katika fainali hiyo Rashid alifikisha wapigaji 100 katika mechi zake 44 za siku moja. Hakuna aliyewahi kufika haraka hivyo kabla yake.

Mwisho wa mwaka huo, tarehe 30 Desemba, baba yake alifariki. Rashid alikuwa Australia kikazi. Kesho yake aliingia uwanjani. Wengi wetu hapa tumepokea msiba kwa simu, tukashindwa hata kwenda kuzika. Hatuhitaji kuelezwa siku ile ilikuwaje.

Ndugu wa mashirika, mkija tena msitafute nyota tu. Ulizeni ni nani anayewakusanya watoto jioni, anayeshona mpira uliopasuka, anayewaambia warudi shule. Huyo hana picha, na akihamishwa kesho, mazoezi yanakufa.

Na nyinyi wadogo zetu, kama kuna kaka au dada aliyekufundisha chochote hapa kambini, mpigie simu leo umwambie asante. Akiwa bado yupo hapa, nenda jioni ukamsaidie.