Sinema ya kampi ilivyozimika Kolwezi

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, na mzazi wake alikuwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni ndiyo iliyojenga nyumba, hospitali na shule, ikagawa posho, na ndiyo iliyowaonyesha wafanyakazi filamu. Anayetaka kujua kwa nini sinema ile ilikufa aanzie hapo. Haikuwa biashara ya mtu anayetafuta faida mlangoni. Ilikuwa sehemu ya posho.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilitaka mfanyakazi akae kampini na mkewe na watoto, badala ya kufanya kazi miezi michache na kurudi kijijini. Mtu akishakaa, jioni na Jumapili zake lazima zipate shughuli. Ukaja mpira, skauti, kanisa, na sinema. Serikali ya kikoloni nayo ililichunga sana jambo hili. Amri ya mwaka 1945 ilikataza Wakongo kuonyeshwa filamu ambayo haijapitishwa na kamati ya ukaguzi. Wazungu walikuwa na kumbi zao na filamu zao. Watu wa kampi walitazama zilizochujwa, mara nyingi nje, usiku, mbele ya pazia jeupe.

Mapadri walitengeneza za kwao. Kule Kasai, padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alipiga filamu za Matamata na Pilipili katika miaka ya 1950. Mmoja alikuwa mnene, mwingine mwembamba, wakichekesha kwa namna ya Laurel na Hardy: wanaingia matatani, na mwisho mtazamaji anapewa somo la kuwa raia mwema.

Lakini watazamaji walikuwa na kiu yao wenyewe, nayo ilikuwa ya makoboyi. Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa shaba wa Luanshya, Zambia ya leo, mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker aliwashuhudia mwaka 1953 na 1954: umati uwanjani, watu wamesimama, wanapiga kelele, wanamshangilia shujaa wa farasi waliyemwita Jeke, wanarusha ngumi pamoja naye. Kinshasa vijana walijiita Bill, kwa jina la Buffalo Bill. Kwangu mimi, sinema yenyewe ni hiyo. Kampuni ilileta mashine na pazia, watu wa kampi wakaleta kelele, na kelele hizo hakuna kamati iliyoweza kuzichuja.

Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa, na hatimaye ikawa Gécamines. Watu waliendelea kusema kampuni njo baba, njo mama, yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Kisha tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FNLC waliingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Mamia ya raia waliuawa, Waafrika wakiwa wengi zaidi. Miaka miwili baadaye Raoul Coutard akatoa filamu ya mkasa huo, iliyopigwa Guyana ya Ufaransa, upande wa pili wa Atlantiki. Mmoja wa waigizaji wake alikuwa Giuliano Gemma, nyota wa filamu za makoboyi za Italia. Msiba wa mji wetu ukafanywa filamu ya mashujaa wa kigeni.

Kilichoua sinema ya kampi ni anguko la kampuni. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Mwaka 1994, takriban 30,000. Katikati ya miaka hiyo mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, uporaji ukafuata 1991, na 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zikafukuzwa kwa maelfu, watu waliozaliwa na kulelewa katika kampi hizi. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa tayari amewaita watu wa kampi watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba akishindwa kulipa mshahara, nani atalipa fundi wa projekta? Tayari televisheni ya Lubumbashi ilikuwa imewapeleka mchekeshaji Mufwankolo na wenzake majumbani, na video ikafuata. Kote Kongo kumbi za sinema ziligeuzwa makanisa na maghala.

Picha hazikukoma. Sammy Baloji wa Lubumbashi alipiga Kolwezi ya wachimbaji wadogo, pamoja na mabango ya miji ya kupendeza wanayobandika kwenye mahema yao. Mwaka 2019 Frank Mukunday na Tétshim wakatoa Machini, filamu fupi juu ya madini na wanaoyavuta hewani, wakiyasogeza mawe picha kwa picha. Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Visima na shule vitangulie, ni haki. Ila ndani ya fedha hizo projekta na pazia vinapatikana, na Machini inastahili kuonyeshwa hapa Kolwezi, katika kampi ya Musonoie, bure, mbele ya watu wanaoruhusiwa kupiga kelele.