Keisuke Honda: Ngazi ya Mjapani aliyeanzia Venlo

Keisuke Honda, kiungo mshambuliaji wa Japani aliyecheza soka la kulipwa katika mataifa matano ya Ulaya, hakuwa mchezaji wa kwanza kutoka Asia kufanikiwa katika bara hilo, wala hakuwa na mbio kuliko wenzake. Hata hivyo, safari yake ina funzo ambalo wapenzi wa kandanda wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulitafakari. Alipanda ngazi kwa kukubali kuanzia kipandio cha chini kabisa, na jina lake likavuma duniani katika ardhi ya Afrika, kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2010 nchini Afrika Kusini.

Kijana aliyeachwa

Honda alizaliwa tarehe 13 Juni 1986 mjini Settsu, katika jimbo la Osaka. Alilelewa kisoka katika timu ya vijana ya Gamba Osaka, lakini alipofikia umri wa kupandishwa kikosi cha juu, klabu iliamua kutoendelea naye. Katika timu hiyo hiyo alikuwamo Akihiro Ienaga, kijana aliyezaliwa siku moja, mwezi mmoja na mwaka mmoja na Honda. Ienaga alipandishwa, Honda akaachwa.

Kwa vijana wengi huo ungekuwa mwisho wa ndoto. Honda alirudi darasani. Alijiunga na shule ya sekondari ya Seiryo katika mji wa Kanazawa, na huko akacheza mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari, ambayo nchini Japani hufuatiliwa na mashabiki wengi na kuonyeshwa katika televisheni. Seiryo ilitinga nusu fainali akiwa katika mwaka wake wa mwisho, na mwaka 2005 akasajiliwa na Nagoya Grampus Eight ya ligi kuu.

Jambo hili linahitaji kutiliwa mkazo. Japani ilianzisha ligi yake ya kulipwa, J-League, mwaka 1993, lakini haikuuvunja mfumo wa michezo ya shule. Kijana aliyekosa nafasi katika klabu alikuwa na mlango wa pili, na wasaka vipaji walijua kuwa mlango huo upo. Ienaga naye hakupotea: mwaka 2018 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa J-League. Nchi moja iliweza kuwatunza vijana wote wawili, aliyeteuliwa na aliyeachwa.

Kushuka ili kupanda

Mwezi Januari mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 21, Honda alihamia VVV-Venlo, klabu ndogo ya kusini-mashariki mwa Uholanzi, karibu na mpaka wa Ujerumani. Miezi michache baadaye Venlo ikashuka daraja.

Wajapani waliomtangulia walikuwa wamepitia milango mipana zaidi. Yasuhiko Okudera alijiunga na FC Köln ya Ujerumani mwaka 1977 na kutwaa ubingwa wa nchi hiyo mwaka uliofuata. Hidetoshi Nakata alikwenda Perugia ya Italia mwaka 1998 na kutwaa ubingwa akiwa na Roma mwaka 2001. Honda, kwa upande wake, alijikuta katika daraja la pili la Uholanzi, mbali na kamera na mbali na macho ya makocha wa timu ya taifa.

Alibaki. Katika msimu wa 2008–09 alifunga mabao 16 ya ligi, akavishwa kitambaa cha unahodha, akateuliwa mchezaji bora wa daraja hilo, na Venlo ikarejea ligi kuu ikiwa bingwa. Mashabiki wakambandika jina la Kaisari. Hapo alijifunza jambo ambalo mchezaji wa kigeni hulijua kwa vitendo: katika nchi ya watu mgeni hapimwi kwa pasi nzuri pekee, bali kwa mabao anayofunga na mechi anazoshinda.

Mwanzoni mwa mwaka 2010 CSKA Moscow ya Urusi ikamnunua. Tarehe 16 Machi mwaka huo, katika mechi ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa barani Ulaya mjini Sevilla, Honda alifunga kwa mpira wa adhabu kutoka mbali, CSKA ikashinda 2–1 na kutinga robo fainali kwa mara ya kwanza katika historia yake. Huko ilitolewa na Inter Milan, klabu iliyokuwa imemsajili Mkenya McDonald Mariga mapema mwaka huo, na ambayo ilikwenda kutwaa kombe lenyewe.

Bloemfontein, Durban, Rustenburg

Japani iliwasili Afrika Kusini bila matumaini makubwa. Ilikuwa imefungwa na Korea Kusini, England na Ivory Coast katika mechi za maandalizi. Kati ya wachezaji wake 23, ni 4 tu waliokuwa na klabu za Ulaya: Honda, Makoto Hasebe wa Wolfsburg, Daisuke Matsui wa Grenoble na Takayuki Morimoto wa Catania. Kocha Takeshi Okada akachukua uamuzi mgumu. Alimweka benchi Shunsuke Nakamura, nyota aliyetamba na Celtic ya Uskochi, akamsogeza Honda mbele kabisa acheze kama mshambuliaji pekee, nafasi ambayo haikuwa yake.

Tarehe 14 Juni mjini Bloemfontein, siku moja baada ya kutimiza miaka 24, Honda alifunga bao pekee dhidi ya Kameruni ya Samuel Eto'o. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Japani katika Kombe la Dunia nje ya ardhi yake.

Siku tano baadaye ikaja zamu ya Durban. Mji huo unateremka kutoka vitongoji vya vilimani upande wa magharibi, kama vile Westville, ilipo kampasi mojawapo ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayoipiga pwani ya Mombasa na Dar es Salaam. Karibu na ufukwe huo ndipo ulipojengwa uwanja wa Moses Mabhida, wenye tao lililopanda juu zaidi ya mita 100.

Mbele ya watazamaji wapatao 62,000, Honda aliwakabili Waholanzi, watu ambao miaka miwili kabla walikuwa wamemwona akishuka daraja. Japani ilijilinda kwa nidhamu kubwa. Katika dakika ya 53 kombora la Wesley Sneijder likampita mlinda mlango Eiji Kawashima, likawa bao pekee la mchezo. Nakamura aliingizwa katika kipindi cha pili, na hiyo ikawa mechi yake pekee katika mashindano hayo. Bila ya matangazo yoyote, uongozi wa safu ya mbele ya Japani ulikuwa umekwisha kubadili mikono.

Japani ilishindwa mjini Durban, lakini haikuvunjika. Uholanzi ile ilifika fainali, na kufungwa nayo bao moja hakukuwa aibu. Tarehe 24 Juni mjini Rustenburg, Honda aliifungia Japani bao la kwanza dhidi ya Denmark kwa mpira wa adhabu, na katika dakika za mwisho akampa Shinji Okazaki pasi ya bao la tatu. Japani ilishinda 3–1 na kuingia raundi ya 16, jambo ambalo hadi wakati huo ilikuwa imelifanya mara moja tu, mwaka 2002 ilipokuwa mwenyeji pamoja na Korea Kusini. Ilitolewa na Paraguay mjini Pretoria kwa mikwaju ya penalti. Honda alifunga penalti yake, lakini ule wa Yuichi Komano uligonga mwamba.

Namba 10 ya Milan

Mwezi Januari 2011 Japani ilitwaa Kombe la Asia nchini Qatar, na Honda akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Baadaye mwaka huo jeraha la goti lilimweka nje kwa miezi kadhaa, lakini alirejea na kutwaa ubingwa wa Urusi akiwa na CSKA msimu wa 2012–13. Mwezi Juni 2013 mkwaju wake wa penalti dhidi ya Australia, katika dakika za nyongeza mjini Saitama, ndio ulioipa Japani tiketi ya Brazil.

Akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, Honda aliandika insha akisema kuwa siku moja angecheza katika ligi ya Italia na kuvaa jezi namba 10. Mwezi Januari 2014 AC Milan ilimkabidhi jezi hiyo hiyo.

Ndoto ilitimia wakati usiofaa. Katika mechi yake ya kwanza, tarehe 12 Januari 2014, Milan ilifungwa 4–3 na Sassuolo, na siku iliyofuata kocha Massimiliano Allegri akafutwa kazi. Katika miaka mitatu na nusu Honda alifanya kazi chini ya Allegri, Clarence Seedorf, Filippo Inzaghi, Sinisa Mihajlovic, Cristian Brocchi na Vincenzo Montella. Alianza msimu wa 2014–15 kwa mabao 6 katika mechi 7 za ligi, kisha chemchemi ikakauka. Mara alipangwa winga wa kulia, mara akawekwa benchi. Bao lake la mwisho, kwa mpira wa adhabu dhidi ya Bologna mwezi Mei 2017, lilisaidia kuirejesha Milan katika mashindano ya Ulaya, naye akaondoka.

Wapo wanaokihesabu kipindi hicho kuwa ni kushindwa. Hukumu hiyo ni kali mno kwa mchezaji aliyeikuta klabu katika mtikisiko na kuiacha kabla haijatulia. Lakini ni kweli pia kwamba kipandio cha juu zaidi hakikuwa ndicho kilichomfaa zaidi.

Machweo marefu

Baada ya Milan, Honda alichezea Pachuca ya Mexico, Melbourne Victory ya Australia, Vitesse ya Uholanzi na Botafogo ya Brazil. Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa Azerbaijan na Neftchi ya Baku, kisha akapitia Sūduva ya Lithuania. Mwaka 2024 aliichezea Paro ya Bhutan katika mashindano ya klabu za Asia.

Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 nchini Urusi, aliingia akitokea benchi na kuisawazishia Japani dhidi ya Senegal, akawa Mjapani wa kwanza kufunga katika fainali tatu tofauti za Kombe la Dunia. Mechi yake ya mwisho ilikuwa chungu. Dhidi ya Ubelgiji, matokeo yakiwa 2–2 katika dakika za majeruhi, kona aliyoipiga ilidakwa na mlinda mlango, na shambulizi la kujibu likazaa bao lililoitoa Japani. Alistaafu timu ya taifa akiwa amecheza mechi 98 na kufunga mabao 37.

Njia iliyobaki

Honda aliwekeza pia katika klabu. Mwaka 2015 kampuni yake, Soltilo, iliingia katika umiliki wa SV Horn ya Austria. Baadaye ikaingia ubia na klabu ya Bright Stars ya Matugga, wilayani Wakiso, kaskazini mwa Kampala, iliyoshiriki Ligi Kuu ya Uganda kwa misimu kadhaa kwa jina la Soltilo Bright Stars. Haikuwahi kutwaa ubingwa, na wala jina la nyota wa kigeni haliwezi peke yake kujenga timu. Lakini ubia huo ulionyesha kuwa Honda aliiona Afrika Mashariki kama mahali panapoweza kulea wachezaji, si mahali pa kuwachukua tu.

Kanda hii nayo ina mifano yake. Victor Wanyama wa Kenya alipitia Beerschot ya Ubelgiji na Celtic kabla ya kujiunga na Southampton ya England mwaka 2013. Mbwana Samatta wa Tanzania alitoka Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, kisha Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na Aston Villa mwaka 2020. Genk ilipotwaa ubingwa mwaka 2019, Samatta alikuwa na mwenzake Mjapani, Junya Ito.

Tofauti iko nyuma ya wachezaji hao wawili. Ito alikuwa mmoja katika msafara mrefu. Kufikia Kombe la Dunia la mwaka 2022, ambako Japani iliwafunga Ujerumani na Uhispania, wachezaji wake wengi walikuwa na klabu za Ulaya, kutoka wale 4 wa mwaka 2010. Samatta alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na nyuma yake njia haikujaa watu.

Kinachokosekana si vipaji. Honda aliondoka Japani akiwa mtu mzima, mwenye mkataba halali na misimu mitatu ya ligi kuu miguuni. Kanuni za FIFA, isipokuwa katika hali chache maalumu, haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Kwa hiyo mzazi wa Kisumu, Mwanza au Goma anayeambiwa auze shamba ili mwanawe wa miaka 15 apelekwe kwenye majaribio Ulaya, anauziwa ngazi isiyo na vipandio. Ngazi ya kweli huanzia nyumbani: katika shule yenye kiwanja, mashindano kama UMISSETA yanayofuatiliwa kwa dhati, na ligi inayowalipa wachezaji wake kwa wakati.