Kutoka El Paso hadi Tengeru: Maandalizi ya Vijana wa Kwanza wa Peace Corps kwa Kazi za Maendeleo Tanganyika, 1961

Mjadala kuhusu Peace Corps nchini Tanzania aghalabu huanzia pale kijana alipokwisha kuwasili: alifundisha nini, alijenga nini, na kwa nini mpango ukakoma mwaka 1969. Insha hii inarudi nyuma, kwenye miezi ambayo kijana huyo alikuwa bado mwanafunzi, kwani hapo ndipo lilipoamuliwa swali la nani angemfundisha kumjua mwenyeji wake.

Rais John F. Kennedy aliiunda Peace Corps kwa amri ya tarehe 1 Machi 1961. Kundi la Tanganyika, vijana 35, wakiwamo wahandisi, wapimaji ardhi na wanajiolojia, lilianza maandalizi kiangazi hichohicho katika Chuo cha Texas Western, El Paso. Tanganyika ilihitaji wataalamu wa barabara, na kwa upande huo mafunzo yaliliafiki hitaji. Kutoka hapo vijana walipelekwa kambini Puerto Rico, chini ya William Sloane Coffin, kasisi wa Chuo Kikuu cha Yale, ambako mazoezi yalikuwa ya kushuka majabali kwa kamba, kuogelea na kutembea porini. Tabia zao nazo zilichunguzwa. Asiyeridhisha aliweza kuondolewa. Kwa maoni yangu, maandalizi haya yaliuhofia mlima kuliko yalivyohofia mazungumzo. Mpimaji wa barabara wilayani angepitisha siku nyingi bila kuhitaji kamba, lakini asingepitisha hata asubuhi moja bila kuhitaji salamu.

Kisa cha Nigeria cha Oktoba 1961 kinalidhihirisha pengo hilo. Kijana wa Peace Corps aliyeandaliwa Harvard aliandika postikadi akieleza kwa mshangao uduni wa maisha ya Ibadan. Kabla haijafika ilikokusudiwa, ilianguka mikononi mwa wanafunzi wa chuo kikuu cha hapo, nao wakadai vijana hao waondolewe nchini. Mwandishi wake hakupungukiwa ujasiri wala elimu ya vitabu. Alichokuwa hajaandaliwa kukitarajia ni kwamba mwenyeji naye ni msomaji, tena msomaji wa chuo kikuu kama yeye.

Kundi la Tanganyika, kabla ya kutawanywa kazini, lilikaa kwanza kwa majuma kadhaa Tengeru, karibu na Arusha, likijifunza Kiswahili. Muda huo ulikuwa mfupi mno kwa lugha yenye ngeli, lakini mahali palikuwa ndipo. Anayekosea ngeli darasani husahihishwa na mwalimu. Anayekosea sokoni husahihishwa na muuza ndizi, mara nyingi kwa kicheko. Katika miongo iliyofuata, Peace Corps ilihamishia sehemu kubwa ya mafunzo katika nchi za wenyeji, na ikawa desturi kuwapokeza vijana kwa familia. Sura inayofuata inawahusu wakufunzi hao wa majumbani, ambao vyuo vya Marekani havikuwaweka katika orodha ya walimu wake.