Bomu Lililo Mlangoni

Nikitaja magari ya haidrojeni, kuna beshte yangu mmoja ambaye lazima aulize, "Hiyo si ni bomu inatembea?" Namwelewa. Anakumbuka video ambayo wengi wetu tumeiona: Mei 6, 1937, Lakehurst, New Jersey, meli ya angani ya Wajerumani, Hindenburg, ikiteketea ikijaribu kutua. Ilijazwa karibu mita za ujazo 200,000 za haidrojeni. Haikumaliza dakika moja, ikabaki mbavu tupu.

Video hiyo haituambii kwamba kati ya watu 97 waliokuwa ndani, 62 walitoka hai. Haidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja mahali pa wazi hupaa na kutawanyika. Petroli humwagika chini na kukungoja hapo hapo.

Nilipoanza kusoma historia yake, niliona kwamba kilichowasumbua wahandisi miaka yote si moto pekee. Ni mtungi. Mwaka 1807, François Isaac de Rivaz wa Uswisi aliunda kigari kilichotumia haidrojeni, na gesi yenyewe akaiweka kwenye puto. Mwaka 1966, General Motors ilitengeneza Electrovan. Matangi ya haidrojeni na oksijeni yalijaza gari zima, nafasi ya abiria ikabaki mbele tu. Toyota ilipoanza kuuza Mirai mwaka 2014, ilikuwa imebana kilo 5 hivi za gesi kwa shinikizo la bar 700. Tairi la gari lako lina bar 2 na kitu.

Matangi hayo ni imara kweli, lakini gesi lazima ifike humo, na hapo ndipo shida huanzia. Juni 2019, kituo cha kujazia haidrojeni kililipuka Sandvika, karibu na Oslo. Chanzo kilikuwa bolti ambazo hazikukazwa sawasawa. Hakuna aliyekufa. Watu wawili waliumia kwa sababu mshtuko ulifungua mifuko ya hewa ndani ya gari lao lililokuwa karibu. Toyota na Hyundai zikasitisha kwa muda mauzo ya magari yao ya haidrojeni Norway.

Betri haikuhitaji kituo kama hicho. Ni teknolojia ya kitambo pia: mwaka 1899, Camille Jenatzy alipita kilomita 100 kwa saa kwa gari la umeme, wa kwanza duniani kufikisha kasi hiyo barabarani. Halafu kuna hesabu ya stima. Ukitumia umeme kutoa haidrojeni kwenye maji, uibane, uisafirishe, kisha uigeuze tena umeme ndani ya gari, zaidi ya nusu ya nguvu imepotea njiani. Ukiutia umeme huo huo kwenye betri, sehemu kubwa inafika kwenye magurudumu. Haidrojeni inajaza tangi kwa dakika chache, sawa, lakini soketi tayari iko ukutani kwako.

Na hapo ndipo mimi hushtuka kidogo. Betri ilishinda kwa sababu inaweza kuingia nyumbani, kwa hivyo hatari yake pia imeingia nyumbani. Seli moja ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi huwasha jirani yake, na jirani huyo huwasha mwingine. Moto wake ni mgumu kuzima, na unaweza kurudi saa kadhaa baada ya kuzimwa. Haidrojeni inalindwa na wahandisi, vali na ua. Betri inalindwa na chaja uliyoinunua, pengine ile ya bei rahisi.

Beshte yangu wa bomu anaishi bedsitter. Ana skuta ya umeme, na kila usiku huichaji pale pale mlangoni, akiwa amelala. Mlango ni huo mmoja tu. Wiki iliyopita nilimwomba aisogeze.

"Si ni betri tu," akanijibu.