Jinsi mwili wa samaki unavyokabili dhiki na maradhi

MKULIMA wa Meru au Embu anapokuta samaki wakielea juu ya kidimbwi alfajiri ya mwezi Julai, aghalabu husema wameuawa na baridi. Kauli hiyo ina ukweli, ila si ukweli wote. Mara nyingi kifo hicho huwa kimetanguliwa na siku kadhaa za mapambano ndani ya mwili wa samaki, yanayoendeshwa na homoni, jeni na protini.

Ufugaji wa samaki ulishika kasi katika maeneo haya kuanzia mwaka 2009, serikali ilipozindua mpango wa kufufua uchumi uliochimbiwa vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 nchini. Samaki aliyependelewa zaidi ni ngege, ambaye wengi humwita tilapia. Huyu ni kiumbe wa maji ya joto. Hustawi katika nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na maji yanaposhuka chini ya nyuzi 20 hukua polepole na kuacha kuzaa. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, maji ya namna hiyo si jambo geni.

Samaki anaposhtuka, iwe kwa baridi, kushikwashikwa au msongamano, adrenalini humwagika katika damu kwa muda wa sekunde chache. Kisha ubongo huiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamuru seli zilizo sehemu ya mbele ya figo zitoe homoni ya kotiso. (Samaki hawa hawana tezi ya adrenali juu ya figo kama binadamu.) Kotiso husaidia ini kutoa sukari ya kuupa mwili nguvu, na huyasaidia mashavu kudhibiti chumvi, ambayo samaki wa maji baridi huipoteza bila kukoma. Ndiyo sababu chumvi kidogo huongezwa katika maji ya kusafirishia vifaranga.

Kwa muda mfupi, hayo yote ni kinga. Yakiendelea kwa majuma, huwa hasara: samaki hakui, na kotiso hudhoofisha chembe nyeupe za damu. Hapo bakteria kama Aeromonas, ambao huishi kidimbwini siku zote bila madhara makubwa, hupata mwanya. Ukungu wa Saprolegnia nao huota juu ya ngozi na mapezi kama pamba.

Ndani ya seli kuna ulinzi mwingine. Mwaka 1962, mwanasayansi Ferruccio Ritossa wa Italia aliona jeni za nzi wa matunda zikiamka baada ya kupashwa joto. Baadaye ilibainika kwamba jeni hizo hutengeneza protini za mshtuko, zinazozikunja upya protini nyingine zilizopoteza umbo. Samaki anazo pia, na mashuhuri miongoni mwazo ni HSP70. Licha ya jina lake, haiitikii joto tu. Upungufu wa oksijeni, sumu na maradhi huweza pia kuiamsha.

Upungufu huo wa oksijeni hufikia kilele alfajiri, kwa kuwa mwani huivuta usiku kucha bila kuizalisha. Kwa hivyo lawama inayoelekezwa kwa baridi pengine ni ya kidimbwi kilichojazwa samadi kupita kiasi.

Jirani pia huchangia. Mashamba ya kahawa hunyunyiziwa dawa zenye shaba dhidi ya kuvu, na mvua huweza kuisomba shaba hiyo hadi kidimbwini. Seli za ini na mashavu huitikia kwa kutengeneza metalothionini, protini inayonasa madini hayo. Ulinzi huo una kikomo, hata hivyo. Shaba ikizidi, mashavu huharibika.

Virusi ni mtihani mkubwa zaidi. Kirusi cha tilapia cha ziwani, kilichoelezwa nchini Israeli mwaka 2014, kina vipande kumi vya RNA na huweza kushambulia ini na ubongo. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kugundua chembechembe zake za urithi katika ngege wa Ziwa Victoria upande wa Uganda na Tanzania. Macho hayatoshi kukitambua, kwa sababu samaki anaweza kukibeba bila dalili. Huhitajika kipimo cha PCR, kile kile kilichozoeleka wakati wa janga la Covid-19, na hufaa kifanywe kwa vifaranga kabla hawajamwagwa kidimbwini.