NENO LILIBAKI, ADHANA IKAONDOKA



Ndugu yangu katika imani, wiki moja mimi na rafiki yangu tulitembea miji ya Ureno. Mezani tuliletewa samaki kwa azeite, yaani mafuta ya zeituni. Wali wanauita arroz, sukari açúcar. Yote asili yake Kiarabu: az-zayt, ar-ruzz, as-sukkar.

Waislamu walitawala huko tangu karne ya 8. Lisbon ilitekwa mwaka 1147, na Waislamu waliobaki wakatengewa mtaa wa Mouraria. Desemba 1496, Mfalme Manuel I akaamuru Waislamu na Mayahudi waondoke. Julai 1497 mfalme huyohuyo akamtuma Vasco da Gama, aliyefika Mombasa mwaka 1498.

Mji wa Mértola una kanisa lililokuwa msikiti. Mihrabu bado ipo ukutani. Tulisimama pale kimya.

Mreno akitamani jambo husema "oxalá". Limetokana na Kiarabu: Allah akitaka. Wengi walitamka bila kujua lilikotoka.

Sasa jiulize: mwanao akisema inshaallah, anajua anamtaja nani? Neno hurithiwa, imani hufundishwa. Kaa naye leo baada ya Isha.

Allah atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.