Ndugu wa Mgonjwa

Wamisionari wa Kijerumani waliofungua kituo Lutindi, juu katika milima ya Usambara, mwaka 1896, hawakuwa na wazo la hospitali ya wagonjwa wa akili. Walitaka makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka ilipita, watoto hao wakapungua, majengo yakabaki, na kufikia 1905 hivi Lutindi ilikuwa imeanza kupokea watu wazima waliorukwa na akili. Hiyo ndiyo hospitali ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki, na hadi leo ipo, chini ya Kanisa la Kilutheri, na wagonjwa wake bado wanalima na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya tiba.

Kabla ya Lutindi, mtu aliyeugua akili alikuwa wa nyumba yake. Jamaa walikaa kikao, wakachanga, wakaamua aende kwa mganga gani, arudishwe lini, na kama dawa ya kwanza haikufaa basi ijaribiwe ya nani. Mwanaanthropolojia John Janzen, aliyechunguza jambo hili huko Kongo ya Chini na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, aliona kuwa mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakuwa na kauli kubwa. Waliomzunguka ndio waliokuwa na hukumu ya mwisho.

Lakini mgonjwa anapokuwa baba au mama, kikao hicho hakiwi rahisi. Mtoto, hata mwenye mvi na wajukuu, hamwamrishi mzazi. Hamshiki mkono kwa nguvu, hamfungii mlango, hamwambii mbele za watu kwamba anayosema si kweli. Ndiyo maana, tangu zamani hadi sasa, baba anapoanza kutembea usiku akiwatafuta maadui asiowaona mwingine, kazi ya mwanawe ya kwanza ni kutafuta mtu wa makamo ya baba huyo: ami, shangazi, shemeji, au rafiki anayekaa naye safu moja msikitini. Huyo ndiye mwenye ruhusa ya kusema, "Bwana, twende tukaonane na daktari."

Pwani kulikuwa na mlango mwingine. Katika ngoma za kupunga pepo, mganga hazungumzi na mama aliyelala chini ya shuka, bali na pepo aliyempanda kichwani. Pepo huulizwa jina, kabila na shida yake, naye hudai vyake: kitambaa, pete, ubani, mbuzi. Watoto huahidi na kulipa. Mtu anaweza kuamini au asiamini mapepo, lakini busara ya mpango huu haifichiki. Mama hupata nafasi ya kusema maneno ambayo mdomo wake wa kila siku usingeyatoa, na watoto hujibishana na pepo bila kumvunjia mama heshima. Tusiupambe sana, hata hivyo. Wapo pia waliofungwa kamba kwenye nguzo na mashina ya miti kwa miezi, na waliowafunga walikuwa jamaa hao hao, pengine kwa sababu hawakuona njia nyingine ya kupata usingizi.

Serikali za kikoloni zilileta utaratibu mpya, nao ulianza kwa kumwondoa ndugu. Nairobi, majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui yaligeuzwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya vichaa, ambayo baadaye ilijulikana kama Mathari. Sheria iliyotumika mwanzoni ilitoka India, ya mwaka 1858. Mgonjwa alifikishwa huko kwa mkono wa polisi na karatasi ya hakimu. Wodi ziligawanywa kwa rangi. Dodoma ilipata Mirembe mwaka 1927, na kwa muda mrefu mtu kutoka Bukoba au Mtwara akipelekwa Mirembe alikuwa amepelekwa mbali na kila amjuaye. Si ajabu kwamba majina ya hospitali hizo mbili yaliingia katika matani ya mitaani, na bado yamo.

Daktari aliyeiongoza Mathari kuanzia 1938, J. C. Carothers, aliandika sana kuhusu akili za Waafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichomlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Madai hayo yamekwisha kuzikwa. Kinachogusa habari yetu ni hesabu zake za awali. Alitazama rekodi za waliolazwa Mathari kati ya 1939 na 1943, akaona Waafrika ni wachache, akahitimisha kwamba wazimu ni nadra kwao, hasa wale waliokuwa bado kijijini. Aliwahesabu waliofika kwake. Maelfu waliokuwa nyumbani, wakilishwa na binti zao na kulindwa na wana wao, hawakuingia katika daftari lolote. Hivyo jamaa walifanya kazi hiyo, na kwa kuifanya wakaonekana hawana kazi.

Aliyemrudisha ndugu kwenye hospitali alikuwa Mnigeria, Thomas Adeoye Lambo. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, aliwapangishia wagonjwa nyumba katika vijiji vya jirani badala ya kuwajaza wodini. Sharti lake lilikuwa moja: mgonjwa aje na jamaa yake wa kumpikia, kumwogesha na kumfikisha kliniki. Asubuhi walipata dawa na matibabu mengine, jioni walirudi kijijini. Dawa zenyewe zilikuwa zimebadilika. Klopromazini, iliyoanza kutumika Paris mwaka 1952, ilituliza wagonjwa ambao zamani walitulizwa kwa minyororo na kuta. Baadaye Lambo alipanda hadi kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Tanzania ilikwenda njia inayofanana, kwa lugha yake ya siasa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, hospitali zilianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili: Vikuruti upande wa Dar es Salaam, Hombolo upande wa Dodoma. Mgonjwa aliyetulia alihamia huko akalime, wengine wakiishi na jamaa zao, kabla ya kurudi kwao moja kwa moja. Kwa nchi iliyokuwa na madaktari wa akili wachache kuliko vidole vya mkono, wazo hilo lilikuwa na maana. Lilikuwa pia rahisi kwa bei, na hapa ndipo sifa nyingi zinazomiminwa juu ya "familia ya Kiafrika" zinapohitaji kuangaliwa mara mbili. Ndugu anayepika na kuogesha halipwi mshahara. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya miaka ya 1980, vijiji vilikosa fedha. Ndugu hawakupunguziwa kazi.

Kenya, kwa sheria yake ya afya ya akili ya 1989, ilimtaja ndugu kwa namna nyingine. Mtu asiyeweza kujiamulia angeweza kulazwa kwa maombi ya mume, mke au jamaa yake, yakiambatana na maelezo ya daktari. Polisi walibaki, kwa wale wanaokutwa njiani wakiwa hatari. Kwa hiyo binti anaweza kutia saini baba yake alazwe. Daktari husoma fomu hiyo mara moja. Baba, akipata nafuu, anarudi nyumbani kwa binti huyo huyo, na huenda akakumbuka ni mkono wa nani ulioandika. Kazi ya kupatanisha baada ya hapo, ya kumrudishia mzee kiti chake sebuleni na kauli yake katika mambo ya shamba na mahari, haina fomu. Hufanywa na ami na shangazi wale wale wa mwanzo, kama bado wapo hai na kama hawaishi mji mwingine.

Mwaka 2020 kikosi kazi kilichoongozwa na daktari Frank Njenga kiliishauri serikali ya Kenya itangaze ugonjwa wa akili kuwa janga la taifa, na miaka miwili baadaye sheria ya 1989 ikarekebishwa. Tanzania ilikuwa imepata sheria yake mpya mwaka 2008. Zote zinazungumzia haki za mgonjwa zaidi ya zile za zamani, nalo ni jambo jema.

Sheria za kazi zilienda mwendo wake. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini, iliyotungwa Tanzania mwaka 2004, ilimpa mfanyakazi siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki. Mzazi naye alitajwa, lakini katika orodha ya waliofariki tu.